Mila, baridi na chakula cha mtoto

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni wiki iliyopita. Tunayachapisha kwa faida ya wasomaji ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.)



Tunao msemo kwamba mwacha mila ni mtumwa. Ni msemo tunaoupenda sana, hasa tukiwa tumekaa kwetu, jua linawaka na bibi yuko jikoni. Leo nataka tuupime msemo huo mahali ambapo jua haliwaki na bibi pengine hayupo. Nataka tuzungumze juu ya akina mama wa Kihindi waliohamia Uingereza, na juu ya jambo moja tu katika maisha yao, nalo ni namna wanavyowalisha watoto wao.

Huenda msikilizaji ukauliza, watoto wa Leicester wanatuhusu nini sisi wa Kariakoo, Nakasero au Mwembe Tayari? Wanatuhusu kuliko tunavyodhani. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia wa Uganda, akawapa siku 90 za kuondoka. Watu wapatao 28,000 walikwenda Uingereza. Baraza la mji wa Leicester lilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus, mwezi Septemba mwaka huo huo, likiwashauri wasiende katika mji ule kwa kuwa nyumba, shule na huduma nyingine zimekwisha jaa. Tangazo halikuzuia kitu. Walikwenda, wakawakuta wenzao waliotangulia kutoka Kenya, Tanzania na India yenyewe. Sensa ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya wakazi wa Leicester ni watu wenye asili ya India.

Ukipita katika barabara ya Belgrave, mjini humo, utauziwa mogo wa kukaanga. Mogo ni muhogo wetu huu huu. Utakuta matoke, utasikia bibi wa Kigujarati akiagiza jugu, naye anamaanisha njugu, au akimtuma mjukuu alete fagio na kisu. Watu hawa waliondoka Afrika Mashariki na sanduku moja moja, lakini maneno ya jikoni hayakupekuliwa uwanja wa ndege. Pamoja na maneno hayo walichukua desturi za kulisha watoto, nyingine za Gujarat, nyingine zilizochanganyika na za kwetu.

Desturi zenyewe ni zipi? Kwanza ni siku za uzazi. Mama wa Kihindi akijifungua hukaa ndani siku 40, kama ilivyo arobaini ya watu wa pwani yetu. Hapiki wala hafui. Analetewa uwatu, tangawizi na samli, kwa kuwa mzazi anahesabiwa kuwa mwili wake umepoa na anahitaji vyakula vya moto. Moto huu hauna uhusiano na jiko. Kwa watu hawa kila chakula kina tabia yake, cha moto au cha baridi, na mzee wa pwani anayekukataza dafu ukiwa na mafua atakuelewa mara moja.

Pili ni kinywa cha mtoto mchanga. Katika nyumba nyingi mzee anayeheshimika humlambisha mtoto asali au maji ya sukari guru ili awe na maneno matamu na tabia ya mzee huyo. Wapo pia waliokuwa wakiyamwaga maziwa ya mwanzo ya mama, yale ya njano yanayoitwa dang'a, wakiamini ni machafu. Hapa wataalamu wa afya hawana suluhu. Dang'a ni kinga ya mtoto, na asali haifai kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu vya ugonjwa wa botulizimu unaolegeza misuli, ambavyo tumbo changa haliwezi kupambana navyo.

Tatu ni sherehe ya annaprashan, siku ambayo mtoto wa Kihindu anaonjeshwa nafaka kwa mara ya kwanza, kwa kawaida wali uliopikwa kwa maziwa. Desturi inasema mtoto wa kiume aonjeshwe katika mwezi wa sita au wa nane, na wa kike katika mwezi wa tano au wa saba. Sasa tazameni jambo hili. Mwaka 1994 serikali ya Uingereza ilikuwa ikiwashauri akina mama waanze kuwapa watoto chakula kati ya mwezi wa nne na wa sita. Shirika la Afya Duniani likasema mwaka 2001 kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita, na Uingereza ikabadili ushauri wake mwaka 2003 kufuata hivyo. Yaani yule bibi aliyekuwa akisema mjukuu asubiri siku yake ya sherehe, alikuwa karibu zaidi na ushauri wa leo kuliko karatasi aliyopewa mkwe wake kliniki.

Baada ya hapo huja khichdi, ambayo ni mchele na choroko zilizopikwa pamoja mpaka zikalainika, zikatiwa manjano na samli. Mtu yeyote anayejua lishe atakuambia kwamba nafaka ikichanganywa na jamii ya kunde, mtoto anapata mjengo mzuri wa mwili hata kama nyumba hiyo hailijui buchari. Na Wagujarati wengi, Wahindu na Wajaini, hawali nyama, samaki wala mayai.

Kwa hiyo msikilizaji usije ukadhani kwamba nazungumzia watu waliokwenda Ulaya na ujinga wao. La hasha. Walikwenda na utaratibu uliokamilika, uliotengenezwa kwa karne nyingi na akina mama waliojua wanachofanya. Tatizo ni kwamba utaratibu ule ulitengenezwa mahali penye jua, ua wa kuchezea na ukoo mzima ndani ya nyumba moja. Ulipofika kwenye baridi, baadhi ya sehemu zake zikakatika na baadhi zikabaki. Na hapa ndipo penye jambo ninalotaka tulitazame: zilizokatika mara nyingi ndizo zilizokuwa nzuri, na zilizobaki si zote zilizofaa kubaki.

Chukueni suala la kunyonyesha. Katika miaka ya 1990 akina mama wa Kihindi, Kipakistani na Kibangladeshi nchini Uingereza walikuwa wakianza kunyonyesha kwa wingi kuliko Waingereza weupe. Lakini mwaka 2008 watafiti waliofuatilia maelfu ya akina mama nchini humo walieleza kwamba kwa kila miaka mitano zaidi ambayo mama mhamiaji ameishi Uingereza, uwezekano wa kunyonyesha angalau miezi minne ulipungua kwa asilimia tano. Kadiri anavyozoea nchi, ndivyo ziwa linavyoachwa mapema.

Kwa nini? Kwa sababu kunyonyesha kunahitaji watu. Kunahitaji mtu wa kupika, mtu wa kumbeba mtoto mkubwa, na mtu wa kumwambia mama mchanga kwamba maumivu ya siku ya tatu yatapita. Akina mama waliotoka Afrika Mashariki waliingia viwandani mara tu walipofika. Wengi mtakumbuka mgomo wa kiwanda cha Grunwick, kaskazini magharibi ya London, kati ya mwaka 1976 na 1978. Aliyeuongoza ni Jayaben Desai, mwanamke wa Kigujarati aliyewahi kuishi Tanzania, na wengi wa wagomaji walikuwa wanawake kama yeye waliotoka pande hizi zetu. Mwanamke anayesimama kwenye mashine saa nane kwa siku, na saa za ziada juu yake, atakaa ndani siku 40 kwa ruhusa ya nani?

Niliwahi kuwa mgeni wa familia moja mjini Leicester. Bibi wa nyumba hiyo alizaliwa Jinja, na Kiswahili chake hakijapata kutu. Nilimkuta akimlisha mjukuu wa kiume wa miaka miwili na nusu, kijiko kimoja kwa hadithi moja, na mtoto akigeuza uso bibi anaanza hadithi nyingine. Nikamuuliza, mama, mtoto si ameshiba? Akanijibu, "Mwanangu, mtoto hajui kushiba. Mimi ndiye najua." Kisha akaniambia jambo ambalo sijalisahau. "Kule Jinja nilipojifungua nilikuwa na mama mkwe, wifi zangu wawili na yaya. Hapa mkwe wangu ananitegemea mimi peke yangu, na mimi nayategemea magoti haya."

Katika maneno ya bibi yule yamo mambo yote mawili. Watu wamepungua, lakini kijiko kimebaki na nguvu yake.

Nguvu ya kijiko inatoka wapi? Inatoka katika imani kwamba mtoto mnene ndiye mtoto mzima. Katika kijiji cha India ambako mvua ikikosa kunyesha watu wanalala njaa, unene wa mtoto ulikuwa akiba iliyowekwa mwilini. Mama mwenye mtoto mwembamba alisemwa. Aliyekuwa na mtoto mnene alimpaka nukta ya wanja usoni ili kijicho kisimpate. Na macho ya jamii hayahitaji pasi ya kusafiria. Yalifika Leicester pamoja na abiria.

Daktari Yajnik wa mji wa Pune, nchini India, pamoja na wenzake, walichapisha mwaka 2003 matokeo ambayo kila bibi angepaswa kuelezwa. Waliwalinganisha watoto wachanga wa Pune na wa Southampton, Uingereza. Watoto wa Pune walizaliwa na uzito wa wastani wa kilo 2.7, na wale wa Southampton kilo 3.5. Lakini tofauti hiyo haikuwa sawa katika kila kiungo. Mtoto wa Kihindi alikuwa na upungufu mkubwa wa misuli, ila mafuta yake chini ya ngozi yalikaribia ya mtoto wa Kiingereza. Wakamwita mtoto mwembamba mwenye mafuta. Mwili wa namna hiyo ukishindiliwa chakula baadaye, uko karibu zaidi na kisukari, na watu wenye asili ya India wanaugua kisukari kwa wingi kuliko Waingereza weupe, tena wakiwa na umri mdogo zaidi. Sasa fikirini: bibi anamwona mjukuu mdogo wa kilo mbili na nusu, anaogopa, anaongeza kijiko. Anafanya hivyo kwa mapenzi, na kwa mapenzi hayo hayo anampeleka mtoto anakokuogopa.

Maziwa nayo yana kisa chake. Kwa Mhindu ng'ombe ni kiumbe cha kuheshimiwa na maziwa ni chakula safi kuliko vyote. Kijijini yalikuwa adimu, kikombe kidogo cha mtoto kikitengwa kabla ya baba kupata chai. Uingereza, chupa za maziwa ziliwekwa mlangoni kila alfajiri, tena kwa bei nafuu. Kilichokuwa adimu kikawa tele, lakini heshima yake ikabaki ile ile. Watoto wakanyweshwa maziwa ya ng'ombe chupa baada ya chupa, mara nyingi yakiwa na sukari, hata baada ya mwaka wa kwanza na wa pili. Maziwa ya ng'ombe yana madini ya chuma kidogo mno, na tumbo lililojaa maziwa halina nafasi ya dengu wala mchicha. Mwaka 1998 watafiti walitangaza kwamba nchini England, katika kila watoto watano wa Kihindi wa umri wa miaka miwili, mmoja alikuwa na upungufu wa damu. Miongoni mwa watoto wa Kipakistani hali ilikuwa mbaya zaidi. Mtoto mwenye upungufu wa damu si lazima aonekane mgonjwa. Anaweza hata kuwa mnene. Lakini anachoka upesi, na akili yake haipati haki yake katika miaka ile ile ambayo ubongo unajengwa.

Ongezeni juu ya hapo vyakula vya makopo vya madukani. Mama asiyekula nyama, au Mwislamu anayetafuta nyama ya halali, anasimama mbele ya rafu ya vikopo vya watoto. Kingereza hakisomi vizuri. Anaogopa kumlisha mtoto kitu cha haramu au cha mwiko. Anachukua kilicho salama kwa dini yake, yaani kikopo cha matunda na kastadi. Dini imelindwa, lakini mtoto amekula utamu mtupu. Mama huyu hakukosea katika dini wala hakumpuuza mtoto. Aliyeweka rafu hakumfikiria.

Nimeacha mpaka sasa ugonjwa wa matege kwa makusudi, kwa sababu ndio unaotufundisha zaidi. Mifupa ya mtoto inahitaji vitamini D, na sehemu kubwa ya vitamini hiyo hutengenezwa na ngozi ikipigwa na jua. Jinja au Mwanza hakuna anayeifikiria. Uingereza, kuanzia Oktoba mpaka mwanzoni mwa Machi, jua halina nguvu ya kuitengeneza, na ngozi nyeusi au ya maji ya kunde inahitaji jua la muda mrefu kuliko nyeupe. Inapatikana pia katika samaki wenye mafuta na kiini cha yai, vitu ambavyo Mgujarati asiyekula nyama havigusi. Kuanzia miaka ya 1960 madaktari wa Glasgow walianza kuona miguu iliyopinda miongoni mwa watoto wenye asili ya India na Pakistan.

Lawama zikaangukia wapi? Kwenye chapati, kwenye nguo ndefu, na kwenye akina mama wasiowatoa watoto nje. Mwaka 1981 serikali iliendesha kampeni ya kukomesha matege kwa Waasia, na wapo walioilaumu kwamba ilikuwa ikiwaambia watu waache kuwa Wahindi ndipo wapone. Wakosoaji hao walikuwa na hoja. Matege hayakuletwa Uingereza na Wahindi. Yalikuwa yamejaa katika miji yao ya viwanda, na Wajerumani waliyaita ugonjwa wa Kiingereza. Waingereza walipotaka kuyaondoa, hawakuambiwa waache desturi zao. Wakati wa vita kuu ya pili watoto walipewa mafuta ya samaki, na tangu 1940 vitamini D ikatiwa katika majarini, ili mtu aipate katika mkate wake bila kubadili chochote. Mama wa Kihindi alipika kwa samli, hakupaka majarini. Ilipopendekezwa kwamba basi vitamini hiyo itiwe katika unga wa chapati, pendekezo likakataliwa.

Mji wa Glasgow ulifuata njia nyingine. Tangu 1979 watoto wa Kiasia walipewa vitamini D bila malipo, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 wagonjwa wa matege waliolazwa hospitalini walikuwa wamepungua sana. Hakuna aliyelazimishwa kuacha chapati yake. Na mwaka 2016 ushauri ukabadilika kwa kila mtu: nchini Uingereza sasa watoto wote wa mwaka mmoja mpaka minne, weupe kwa weusi, wanashauriwa kupewa vitamini D kila siku. Lile lililoitwa tatizo la Wahindi likaonekana kuwa tatizo la hali ya hewa.

Wapenzi wasikilizaji, kutokana na habari hii mimi najifunza mambo mawili.

La kwanza ni kwa wauguzi na maofisa wa afya, wa kule na wa hapa. Usimwambie mama "lisha mtoto hivi" kabla hujamuuliza nani anapika nyumbani kwake, nani anamshika mtoto akiwa kazini, na neno la nani ndilo la mwisho. Mama mchanga anaweza kukubali yote kliniki, akafika nyumbani akakuta kijiko kiko mikononi mwa mama mkwe. Mwite mama mkwe naye. Mpe heshima yake, msifie khichdi yake, kisha mwombe apunguze maziwa. Atakusikia kuliko atakavyoisikia karatasi.

La pili ni letu sote tunaoishi mjini. Binti aliyetoka Singida akaolewa Dar es Salaam naye ni mhamiaji. Mama yake yuko mbali, yaya ni msichana wa miaka 16, na kazini anatakiwa arudi mapema. Uji wa bibi uliokuwa na karanga umeachwa kwa kuwa unachukua muda, lakini ile fahari ya mtoto mnene haikuachwa, na sasa inalishwa kwa soda na biskuti. Tumeacha kilichohitaji watu, tumebaki na kilichohitaji pesa.

Mwacha mila ni mtumwa, sikatai. Lakini mila ya kulisha mtoto haikuwa chakula peke yake. Walikuwamo wifi, shangazi na jirani waliokuja kumpokea mzazi mtoto ili alale saa mbili. Anayetaka kuitunza mila hiyo aanze na hao. Kama kuna mzazi katika nyumba ya jirani yako wiki hii, usimpelekee kopo la maziwa. Nenda kamfulie nguo, ili apate kukaa na mwanawe.